FLORENCE NIGHTINGALE: MLEZI WA WAUGUZI WANAGENZI

Utangulizi

Wengi walisikiapo jina la Florence Nightingale huona akilini mwanamke aliyeshika taa, akipita usiku baina ya vitanda vya majeruhi wa vita. Picha hiyo ina ukweli wake, lakini imefunika kazi nyingine aliyoifanya kwa muda mrefu zaidi. Vitani alikaa kwa muda usiofika miaka miwili. Suala la kuwafunza wauguzi lilimshughulisha kwa takriban nusu karne. Tena, miaka kumi ya mwanzo ya kazi hiyo nusura ipotee bure, kwa kuwa shule iliyobeba jina lake ilikuwa na fedha, jengo na kanuni, ila ilikosa mtu wa kusimama kando ya mwanagenzi na kumwonyesha kazi. Makala haya yanafuatilia maisha ya mwanamke huyo kwa kumulika swali moja: ni nani humlea muuguzi anayejifunza, na hutokea nini asipolelewa?

Kuzaliwa na Makuzi

Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence nchini Italia, akapewa jina la mji huo. Dada yake, aliyemtangulia kwa mwaka mmoja, alizaliwa mjini Naples na kuitwa Parthenope, jina la kale la Kigiriki la mji wa Naples. Wazazi wao, William na Frances, walikuwa Waingereza wenye ukwasi, na walimiliki nyumba mbili za mashambani: Lea Hurst katika jimbo la Derbyshire na Embley katika jimbo la Hampshire. Baba mwenyewe ndiye aliyewasomesha mabinti zake Kilatini, Kigiriki, historia na falsafa. Zaidi ya hayo, Florence alivutiwa mno na hisabati, somo ambalo baadaye lingekuwa silaha yake kuu.

Mnamo Februari 1837, akiwa na umri wa miaka 16, Florence aliamini kwamba Mungu amemwita amtumikie. Hakujua angetumika kwa kazi gani. Kadiri miaka ilivyosonga, aling'amua kwamba kazi yenyewe ni kuuguza wagonjwa. Mwaka wa 1845 aliomba ruhusa ya kwenda katika hospitali ya mji wa Salisbury ajifunze kwa muda. Familia ilikataa katakata. Wazazi walikuwa na sababu zao. Katika Uingereza ya wakati huo, wauguzi wengi wa hospitali walikuwa wanawake maskini wenye elimu haba, na sifa yao mbele ya jamii ilikuwa ya ulevi na ufidhuli. Mara nyingi hapakuwa na aliyewafunza kwa utaratibu. Kila mmoja aliokota ujuzi wake kwa kubahatisha. Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Muuguzi wa enzi hiyo alifunzwa na makosa yake, na aliyelipa karo alikuwa mgonjwa.

Kumtafuta Mwalimu

Kukataliwa hakukumvunja moyo. Alisoma kwa siri ripoti za hospitali na za afya ya umma, akajaza madaftari kwa takwimu alizozikusanya kabla ya mapambazuko, wakati jamaa zake wangali wamelala. Hatimaye mwaka wa 1850 alizuru Kaiserswerth nchini Ujerumani, karibu na mji wa Düsseldorf, mahali ambapo mchungaji Theodor Fliedner alikuwa ameanzisha taasisi ya wanawake wa Kanisa waliohudumia wagonjwa na maskini. Mwaka wa 1851 alirejea na kukaa huko kwa muda wa miezi mitatu hivi, akifanya kazi miongoni mwa wanagenzi wengine.

Katika maisha yake yote, Florence aliheshimu uadilifu na moyo wa kujitoa aliouona Kaiserswerth. Hata hivyo, hakusita kusema baadaye kwamba ujuzi wenyewe wa uuguzi ulikuwa hafifu pale, na kwamba hali ya usafi ilikuwa mbaya. Hivyo basi, mapema sana alitambua kuwa wema wa moyo ni jambo moja na umahiri wa mkono ni jambo jingine. Mwaka wa 1853 alikwenda Paris kuangalia kazi za hospitali na za watawa wa Kikatoliki. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo aliteuliwa kuwa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake wagonjwa katika barabara ya Upper Harley jijini London. Akiwa na umri wa miaka 33, ndipo alipopata kwa mara ya kwanza mamlaka juu ya kazi aliyoitamani tangu ujanani.

Vita na Taa

Vita vya Krimea vilipozuka, magazeti ya London yalifichua dhiki ya askari wa Uingereza waliokuwa wakioza katika hospitali za jeshi nchini Uturuki. Sidney Herbert, waziri aliyehusika na masuala ya jeshi na rafiki wa Florence, alimwomba aongoze kundi la wauguzi. Mnamo Oktoba 1854 aliondoka London na wanawake 38, na mwanzoni mwa Novemba wakafika Scutari, ng'ambo ya pili ya mlangobahari kutoka Istanbul.

Wanawake hao 38 hawakuwa wa namna moja. Walikuwemo watawa wa Kikatoliki, masista wa Kianglikana na wauguzi wa kulipwa waliotoka hospitalini. Baadhi yao walikuwa hodari. Wengine walijua kusali kuliko kufunga kidonda. Wengine tena walirudishwa nyumbani kwa sababu ya ulevi. Florence alilazimika kuwachunga kwa jicho kali, kwani madaktari wa jeshi walikuwa wakingoja kosa moja tu wapate kuwafukuza wote. Hakuruhusu mwanamke mwingine yeyote abaki wodini baada ya saa mbili usiku. Ile taa iliyosifiwa na magazeti na washairi, kwa hiyo, haikuwa ya huruma pekee. Ilikuwa pia taa ya msimamizi aliyejua kwamba walio chini yake hawajafunzwa vya kutosha, na kwamba lolote litakaloharibika ataulizwa yeye.

Juhudi hizo zote hazikuzuia vifo. Katika majira ya baridi ya mwanzoni mwa 1855, askari walikufa Scutari kwa wingi wa kutisha. Vifo vilianza kupungua baada ya tume ya usafi kutoka London kuwasili mwezi wa Machi, ikazibua mifereji ya maji machafu na kuingiza hewa safi majengoni. Florence alirudi Uingereza mnamo Agosti 1856 akiwa mgonjwa, kwa homa iliyomshika Krimea na kumwachia udhaifu wa miaka mingi. Akisaidiana na mwanatakwimu William Farr, alizichambua hesabu za vita. Zilionyesha kwamba askari takriban 16,000 waliuawa na maradhi, ilhali waliokufa kwa silaha za adui na majeraha hawakufika 5,000. Mwaka wa 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Chama cha Takwimu cha London. Fundisho alilolipata lilikuwa chungu: mgonjwa anaweza kufa mikononi mwa watu wenye huruma kubwa ikiwa hawajui wanachopaswa kukitazama.

Shule Yaanzishwa

Vita vilipokuwa vingali vinaendelea, mnamo Novemba 1855, mkutano wa hadhara ulifanyika London na kuanzisha Mfuko wa Nightingale ili kumuenzi. Zilichangwa takriban pauni 45,000, zikatengwa kwa ajili ya kuwafunza wauguzi. Si wote waliofurahia. John Flint South, daktari mkongwe wa upasuaji katika Hospitali ya St Thomas', aliandika mwaka wa 1857 kwamba wauguzi hawahitaji mafunzo mengi, akiwalinganisha na watumishi wa nyumbani. Pamoja na hayo, hospitali hiyohiyo ndiyo iliyochaguliwa, kwa kuwa metroni wake, Sarah Wardroper, na daktari mkazi, Richard Whitfield, waliunga mkono mpango huo.

Mwaka wa 1860 shule ilifunguliwa ikiwa na wanagenzi 15. Mwaka uleule, kitabu cha Florence kuhusu uuguzi kilikuwa kikisomwa kote Uingereza. Mwanagenzi alipewa chumba chake mwenyewe, chakula, sare na pauni 10 kwa mwaka. Mafunzo yalidumu mwaka mmoja, kisha akatakiwa kutumika kwa miaka kadhaa katika hospitali aliyopangiwa. Kazi alijifunza wodini, chini ya mwanamke mkuu wa wodi aliyeitwa sista. Mfuko ulimlipa sista posho kwa ajili ya kufundisha, na ukamlipa Whitfield kwa mihadhara.

Jambo jipya zaidi lilikuwa fomu ya kila mwezi. Kila mwanagenzi alikuwa na karatasi yake yenye sehemu mbili. Ya kwanza ilihusu tabia: kufika kwa wakati, utulivu, uaminifu, unadhifu na mpangilio wa wodi. Ya pili ilihusu ujuzi: kusafisha na kufunga vidonda, kuweka ruba, kumgeuza mgonjwa asiyejiweza, kutandika kitanda, kuhudumu wakati wa upasuaji, kupika chakula cha wagonjwa, kuingiza hewa safi wodini na, juu ya yote, kumchunguza mgonjwa. Kila kipengele kilipewa daraja, kuanzia bora kabisa hadi sifuri. Juu ya karatasi, mpango huu haukuwa na dosari.

Miaka Kumi ya Giza

Karatasi haimlei mtu. Florence mwenyewe hakuwa akifika shuleni. Maradhi yalimfungia chumbani, na muda wake ukamezwa na mageuzi ya jeshi na ya afya ya umma nchini India. Shule aliwaachia wengine, akaridhika na ripoti alizoletewa. Sifa zilikuwa zikienea. Mwaka wa 1865 Agnes Jones, aliyefunzwa St Thomas', alikwenda kuongoza uuguzi katika hospitali ya maskini huko Liverpool, akafia kazini mwaka wa 1868. Mwaka huo wa 1868, Lucy Osburn aliwasili Sydney nchini Australia na wauguzi watano. Kutoka mbali, mti ulionekana umeshamiri.

Mnamo 1871 Malkia Victoria alifungua majengo mapya ya St Thomas' kwenye ukingo wa mto Thames, mkabala na Bunge. Vitanda vilikaribia 600 na wanagenzi wakaongezeka. Ndipo Florence alipoanza kuulizauliza, na majibu yakamshtua. Whitfield alikuwa ameacha kufundisha ipasavyo kwa muda mrefu. Wardroper alikuwa metroni wa hospitali nzima na papo hapo mkuu wa shule. Kazi mbili zilimwelemea, na fomu za kila mwezi zikawa zinajazwa kwa mazoea. Masista wa wodi walipokea posho, lakini wengi wao hawakuwahi kufunzwa namna ya kufundisha. Wanagenzi walitumiwa kama vibarua wa bei nafuu: walisugua, walibeba, walikesha, na mwisho wa siku hapakuwa na aliyewauliza wamejifunza nini.

Ubaya wa hali hiyo haukuwa wa masomo tu. Mwanagenzi asiyesimamiwa hubaki peke yake na mgonjwa asiyeweza kujitetea. Akikosea dawa au asipoitambua dalili ya hatari, hana wa kumzindua. Na akifanya vyema, hana wa kumthibitishia kwamba amefanya vyema. Florence alikuwa tayari ameonja uchungu wa aina hiyo. Katika miaka ya 1860, Mfuko wake ulifadhili mafunzo ya ukunga katika hospitali ya King's College, lakini wodi ya wazazi ikafungwa mwaka wa 1867 kwa sababu ya vifo vya homa ya uzazi. Mwaka wa 1871 alichapisha uchunguzi wake kuhusu vifo vya wazazi hospitalini. Hakuweza tena kujidanganya kwamba nia njema ya mwanzilishi inatosha.

Mlezi Ajitokeza

Kuanzia mwaka wa 1872 Florence aliishika shule kwa mikono yake miwili. Whitfield aliondoka, na nafasi yake ya kufundisha ikachukuliwa na John Croft, daktari wa upasuaji, aliyetoa mihadhara kwa mpango na kuwatahini wanagenzi. Hata hivyo, hatua iliyobadilisha mambo zaidi ilikuwa kuundwa kwa wadhifa wa sista wa bweni. Huyu hakuwa na wodi ya kuendesha. Kazi yake ilikuwa wanagenzi wenyewe. Aliwasaidia kurudia mihadhara na kuelewa walichokiona wodini, akahakikisha wanapata saa za kusoma, na akawa sikio la kusikiliza shida zao. Elizabeth Torrance aliianza kazi hiyo mwaka wa 1872. Mary Crossland aliishika mwaka wa 1875 na kudumu nayo hadi 1896. Masista wa wodi nao walipewa maelekezo ya maandishi kuhusu wajibu wao wa kufundisha, ili lile lililodhaniwa kuwa fadhila litambulike kuwa sehemu ya kazi.

Florence mwenyewe, ingawa hakutoka sana nyumbani kwake katika mtaa wa South jijini London, aliwaita wanagenzi mmoja mmoja. Aliwakaribisha chai, akawahoji kuhusu wodi walizopitia, kisha akaandika maoni yake juu ya kila mmoja. Kwa njia hiyo alijua si tu jinsi masista walivyowaona wanagenzi, bali pia jinsi wanagenzi walivyowaona masista. Mwaka huohuo wa 1872 alianza kuwaandikia wanagenzi na wauguzi waraka wa pamoja, desturi aliyoiendeleza mara kwa mara hadi mwaka wa 1900. Ndani yake alirejelea wazo moja kwa namna nyingi: kwamba muuguzi hahitimu kamwe, na asiyesonga mbele huwa anarudi nyuma.

Mawazo yake kuhusu malezi hayo aliyaeleza kikamilifu zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1880, katika makala aliyoiandikia kamusi ya tiba ya Richard Quain. Alishikilia kwamba kumfunza muuguzi ni kumwonyesha jambo la kufanya, namna ya kulifanya, na sababu ya kulifanya hivyo wala si vinginevyo. Mambo hayo matatu hayapatikani kitabuni peke yake. Yahitaji mgonjwa aliyepo, mwanagenzi anayetenda, na mjuzi anayemtazama akitenda. Matunda yalionekana. Angélique Pringle, aliyepitia shule hiyo na kwenda kuongoza uuguzi katika hospitali ya Edinburgh, alirudi St Thomas' mwaka wa 1887 kumrithi Wardroper. Mwanagenzi wa jana akawa mlezi wa wanagenzi wa leo.

Upande wa Pili wa Jicho

Si haki kumsawiri Florence kama malaika asiye na lawama. Jicho lililokusudiwa kumwelekeza mwanagenzi liliweza pia kumbana. Mienendo ya wasichana hao ilichunguzwa hata nje ya wodi, na metroni alikuwa na uwezo wa kumfukuza yeyote aliyemtilia shaka. Wanawake wa tabaka la juu walitengewa nafasi maalumu na kuandaliwa kuwa viongozi, ilhali wenzao wa kawaida walitarajiwa kutii zaidi. Mpaka baina ya kumlea mtu na kumpeleleza haukuwa wazi nyakati zote.

Mgogoro mkubwa zaidi ulizuka mwishoni mwa miaka ya 1880, pale Ethel Bedford Fenwick na wenzake walipodai kwamba wauguzi wasajiliwe kitaifa baada ya kufaulu mtihani. Florence alipinga. Kwa maoni yake, mtihani wa karatasi hauwezi kupima upole, uaminifu wala umakini wa mtu aliye peke yake na mgonjwa usiku wa manane. Hayo hujulikana kwa aliyemtazama kazini siku hadi siku. Wapinzani wake nao walikuwa na hoja nzito: bila sajili, umma haukuwa na njia ya kumtenganisha muuguzi aliyefunzwa na laghai, na sifa ya mtu ilibaki mikononi mwa metroni mmoja. Historia iliwapa ushindi wao, kwani sheria ya kusajili wauguzi nchini Uingereza ilipitishwa mwaka wa 1919. Hata hivyo, hoja ya Florence haikufa. Mahali pengi leo, mwanafunzi wa uuguzi hufanya mtihani, na pia hutakiwa kutathminiwa wodini na mjuzi aliyemwona akihudumia wagonjwa.

Siku za Mwisho

Uzeeni, Florence alipoteza uwezo wa kuona, na kumbukumbu zake zikafifia. Mwaka wa 1907 alitunukiwa Nishani ya Ustahilifu ya Uingereza, akiwa mwanamke wa kwanza kuipokea. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910 nyumbani kwake London, akiwa na umri wa miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe kwa taadhima ya taifa katika kanisa la Westminster Abbey; alilazwa kando ya wazazi wake huko East Wellow, Hampshire. Tarehe aliyozaliwa, 12 Mei, huadhimishwa duniani kuwa siku ya wauguzi. Shule yake nayo sasa ni sehemu ya chuo kikuu cha King's College London.

Hitimisho

Kiswahili hakikuachwa nje ya urithi wa mfumo huo wa hospitali za Kiingereza. Maneno sista na metroni yameshakuwa ya kawaida katika wodi za Afrika Mashariki, na wengi huyatamka bila kukumbuka kwamba sista wa wodi, katika mpango wa Florence, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mkubwa wa kazi. Maisha ya Florence Nightingale yanaonyesha kwamba fedha za mfuko, jina la mwanzilishi na fomu zilizopangwa vyema haziwezi, peke yake, kumtoa muuguzi. Alikuwa na vyote hivyo kuanzia mwaka wa 1860, na bado wanagenzi wake walitelekezwa. Kilichoiokoa shule ni kukiri kwamba imeharibika, kumweka mtu ambaye kazi yake ni kumlea anayejifunza, na kumsikiliza mwanagenzi mwenyewe. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kabla ya kumkunja, sharti awepo mkunjaji.